Sekunde Tano Zinahesabiwaje? Utata wa Saa ya Kurusha Katika Dojiboli

Timu inayoongoza kwa mchezaji mmoja, zikiwa zimebaki sekunde 40, haina sababu ya kurusha mpira. Ikiurusha, unaweza kudakwa na aliyeurusha akatolewa. Usipodakwa, unaangukia upande wa pili na kuwa silaha mkononi mwa mpinzani. Timu hiyo ikiikumbatia mipira yote hadi filimbi ya mwisho, ushindi ni wake bila jasho. Hapo dojiboli, mchezo wa kurushiana mipira na kuikwepa, unageuka kuwa mchezo wa kusimama na kutazamana. Ndiyo maana walioandika kanuni zake walilazimika kuweka saa ya kurusha: ukishamiliki mipira, una sekunde chache za kufanya jambo, la sivyo unaadhibiwa.

Kuhesabu moja hadi tano hakumshindi mtu. Kinachowagombanisha manahodha na waamuzi ni maneno yanayoamua hesabu ianze lini, imhesabie nani, na ikatizwe na kitendo gani. Ugomvi huo una sura nyingi, lakini ukiuchambua unakuta umejengwa juu ya mashaka ya aina mbili tu. Kuna shaka kuhusu saa, yaani kama muda ulianza au ulikwisha. Na kuna shaka kuhusu juhudi, yaani kama mrushaji alirusha kweli au alijifanya. Naamini kila shaka lina upande wake: shaka kuhusu saa limnufaishe mwenye mipira, na shaka kuhusu juhudi limnufaishe mpinzani wake. Kabla ya kueleza kwa nini, tuitazame kanuni yenyewe.

Kanuni inavyosema

Nchini Marekani, ambako mchezo huu una mizizi mirefu katika shule na kumbi za mitaa, kanuni zilizonakiliwa sana ni za chama cha wachezaji wa ridhaa kinachojulikana kwa kifupi kama NADA, kilichoanzia Schaumburg, jimbo la Illinois. Wachezaji sita wanapambana na sita. Mipira ni sita. Uwanja ni mstatili wenye urefu usiopungua futi 50 na upana wa futi 30, takriban mita 15 kwa 9. Unagawanywa na mstari wa kati, na kila upande una mstari wa mashambulizi ulio mita 3 kutoka hapo. Mchezo mmoja hudumu dakika 3. Muda ukiisha na pande zote mbili bado zina watu, yenye watu wengi zaidi ndiyo mshindi.

Kipengele kinachohusu kuchelewesha mchezo kinasema, kwa ufupi, kwamba ni kosa kwa timu inayoongoza kumiliki mipira yote sita kwa zaidi ya sekunde 5. Hesabu inajumuisha pia mipira iliyolala tu upande wa timu hiyo bila kushikwa na mtu. Ili kuepuka kosa, timu inatakiwa ifanye juhudi za kweli kuufikisha angalau mpira mmoja ng'ambo ya mstari wa mashambulizi wa mpinzani, ndani ya eneo lake la nyuma.

Kanuni nzima haizidi aya moja. Lakini ndani ya aya hiyo mna maneno matatu yanayobeba mzigo wote: kuongoza, kumiliki, na juhudi za kweli. Hakuna hata moja lililowekewa kipimo.

Ugonjwa unaotibiwa

Njia nzuri ya kusoma kanuni yenye utata ni kuuliza kwanza iliwekwa kuzuia nini. Kwa saa ya kurusha, jibu liko wazi, na historia yake inajulikana kuliko dojiboli yenyewe.

Tarehe 22 Novemba 1950, katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Lakers walikuwa na George Mikan, jitu lisilozuilika karibu na kikapu, na Pistons waliona dawa pekee ni kuukalia mpira. Kila timu ilipata vikapu vinne tu vya mchezo wa kawaida. Pointi nyingine zilitokana na mitupo huru. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote. Pistons walifanya kilichowafaa, na watazamaji walilipia kiingilio kuona watu wamesimama na mpira.

Miaka minne baadaye Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alikuja na hesabu yake. Mchezo wa dakika 48 una sekunde 2,880. Mchezo uliochangamka, kwa macho yake, ulikuwa na mirusho kama 60 kwa kila timu, jumla 120. Ukigawanya, unapata sekunde 24. Ligi iliipokea saa hiyo kuanzia msimu wa 1954–55, na wastani wa pointi kwa timu ukapanda kutoka 79.5 hadi 93.1 ndani ya msimu mmoja.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili. La kwanza, kuchelewesha mchezo ni zao la kanuni zinazomlipa anayechelewesha, kwa hiyo hakuna haja ya kumsuta mchezaji kana kwamba amekosa tabia. La pili, saa inalinda haki ya anayefuatia: haki ya kuwa na nafasi ya kusawazisha kabla muda haujaisha. Katika dojiboli ya dakika 3, yaani sekunde 180, haki hiyo inaliwa haraka mno. Sekunde 20 za kusimama ni moja ya tisa ya mchezo mzima.

Nani anaongoza?

Swali la kwanza linaonekana dogo. Mechi ya dojiboli kwa kawaida huwa na michezo kadhaa, na mshindi ni aliyeshinda mingi. Timu iliyoshinda michezo miwili ya mwanzo, lakini sasa ina watu wawili dhidi ya watatu, je, inaongoza au inafuatia?

Kusudi la kanuni linatoa jibu. Saa ya dakika 3 inahesabiwa kwa kila mchezo peke yake, na mshindi wake hupatikana kwa kuhesabu waliobaki uwanjani. Faida ya kuchelewesha inapatikana humo humo. Kwa hiyo anayeongoza ni mwenye watu wengi zaidi uwanjani wakati huo, hata kama kwenye ubao wa mechi yuko nyuma.

Shida halisi iko kwenye sare. Wawili kwa wawili, upande mmoja una mipira yote sita. Ukisoma neno kwa neno, hakuna anayeongoza, hivyo hakuna anayehesabiwa. Wapo waamuzi wanaohesabu hata hivyo kwa kuwa mchezo umesimama na watu wanazomea. Mimi naona wanakosea. Katika sare, kukalia mipira hakumpi mtu ushindi. Kunasukuma tu mchezo kwenye muda wa nyongeza. Ugonjwa ambao kanuni iliwekwa kuutibu haupo. Anayetaka sare nayo ihesabiwe aiandike kanuni upya, asiinyooshe akiwa katikati ya uwanja.

Na kweli wapo walioiandika upya. Katika mashindano ya kimataifa, ambayo yana vyombo zaidi ya kimoja vikiwamo World Dodgeball Federation na World Dodgeball Association, jicho limehamia kwenye wingi wa mipira: mwenye mipira mingi ndiye mwenye wajibu wa kushambulia. Mabadiliko hayo yanaondoa mjadala wa nani anaongoza, lakini yanaleta mwingine. Mipira ikiwa sita, inaweza kugawanyika tatu kwa tatu, na kanuni lazima iseme wajibu unamwangukia nani. Ikiwa mitano, kama ilivyo katika mchezo wa mipira ya kitambaa, haiwezekani kugawana sawasawa. Mmoja lazima awe na zaidi. Idadi ya mipira peke yake inaziba mwanya ambao aya nzima ya maneno isingeuziba vizuri.

Nani anamiliki?

NADA ilifanya jambo la busara kuhesabu mipira iliyolala chini. Bila maneno hayo, timu ingeacha mpira mmoja sakafuni makusudi na kudai haimiliki yote. Lakini mipira haikai mkononi au sakafuni tu.

Tuseme timu ya bluu ina watu watatu, ya njano wawili, na zimebaki sekunde 40. Bluu wameshika mipira minne. Wa tano umelala karibu na ukuta wa nyuma wa uwanja wao. Wa sita umerushwa sasa hivi na mchezaji wa njano, umempita aliyelengwa, umegonga ukuta nje ya uwanja na unarudi ukibiringika polepole kuelekea mstari wa kati. Mwamuzi aanze kuhesabu lini? Mpira ulipovuka kuingia upande wa bluu? Ulipogonga ukuta? Ulipotulia? Au mchezaji wa bluu alipouokota?

Mpira wa kikapu ulijiepusha na ugomvi huu kwa kueleza umiliki ndani ya kitabu chenyewe. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, timu inaanza kumiliki mpira pale mchezaji wake anapoushika au kuudunda ukiwa hai, na inaendelea kuumiliki hadi mpinzani auchukue, au mpira ufe, au uondoke mkononi kwa ajili ya kufunga. Mpinzani akiugusa tu bila kuuchukua, saa inaendelea kukimbia. Hakuna kinachoachwa kwa hisia.

Katika dojiboli tunalazimika kujaza pengo, na hapa napendekeza kipimo kimoja: mpira unamilikiwa na upande ambao mchezaji wake anaweza kuufikia na mpinzani hawezi. Mpira unaobiringika ndani ya eneo la bluu ni wa bluu, kwa sababu njano haruhusiwi kuvuka mstari kuufuata. Mpira ulio hewani si wa mtu bado. Ulio nje ya mipaka, unaosubiri kurudishwa na msaidizi, nao si wa mtu mpaka urudi. Kumhesabia bluu sekunde za mpira ulio chini ya viti vya watazamaji ni kumwadhibu kwa kosa la ukumbi. Na unaobiringika kuelekea mstari wa kati ni wa bluu hadi uvuke. Akiuacha uvuke, ametimiza nusu ya wajibu wake bila kurusha. Akiuzuia kwa mguu, ameamua kuumiliki na saa inamhusu.

Kwa mfano wetu, basi, hesabu ianze mpira wa sita unaporudi ndani ya mipaka ya bluu. Kuna atakayesema bluu wanapewa sekunde mbili za bure. Ndiyo, na hazina madhara. Kuianza saa mapema kuna madhara makubwa zaidi, kwa sababu mchezaji hawezi kujua ameanza kuhesabiwa.

Sekunde ya mwisho

Upande wa pili wa saa una swali linalofanana na hilo. Je, hesabu inakatizwa mpira unapoondoka mkononi, au unapovuka mstari wa mashambulizi wa mpinzani?

Mpira wa kikapu unachanganya yote mawili: mpira uwe umeondoka mkononi kabla ya king'ora cha saa, na baada ya hapo uguse ringi. Kuondoka mkononi kunaonyesha muda. Kugusa ringi kunaonyesha kwamba mrusho ulikuwa wa kweli. Mpangilio huo unafaa dojiboli kuliko kusubiri mpira ufike, na sababu iko kwenye mwendo wa mpira wenyewe. Mrusho wenye nguvu unavuka mita 10 kwa muda usiofika sekunde 1. Kwa mrushaji wa kweli, tofauti kati ya kuondoka na kufika ni ndogo kiasi cha kutohitaji mjadala. Tofauti inakuwa kubwa kwa mpira mmoja tu: ule uliobiringishwa kwa uvivu, unaotumia sekunde mbili au tatu kujikokota hadi ng'ambo. Na mpira huo una kosa jingine tayari, la kukosa juhudi. Kwa hiyo mwamuzi asimamishe hesabu mpira unapoondoka mkononi, kisha aangalie unaenda wapi. Maswali mawili, majibu mawili.

Juhudi za kweli

Tunafika kwenye kiini. Mchezaji wa bluu, mwamuzi akiwa kwenye "nne", anausukuma mpira kwa ncha za vidole. Unavuka mstari wa kati, unapoteza nguvu, unasimama kabla ya mstari wa mashambulizi wa njano. Nahodha wa njano anapiga kelele. Nahodha wa bluu anajibu kwamba alirusha na mpira umevuka, mnataka nini zaidi?

Jibu liko ndani ya kanuni. Kuvuka mstari wa kati hakutoshi. Shabaha iliyotajwa ni eneo la nyuma. Na shabaha hiyo ina maana yake uwanjani. Mpira uliosimama mita 1 kutoka mstari wa kati ni mtego: mchezaji wa njano akiufuata anakuja karibu na mipira mitano ya bluu. Mpira uliofika nyuma anaweza kuuokota na kujipanga. Kanuni inataka mpinzani apewe mpira anaoweza kuutumia.

Hapo hapo tunapata jibu la swali jingine linalowachanganya waamuzi: je, mrushaji lazima amlenge mtu? Wengi wanaona mrusho wa juu juu unaoangukia kona tupu ni wa hila. Lakini kanuni haikudai shabaha ya mtu. Imedai mpira ufike. Mchezaji anayeogopa kudakwa ana haki ya kurusha mahali ambapo hakuna mdakaji, mradi mpira uingie eneo la nyuma. Anayeupiga kwa makusudi juu ya vichwa ukatokee nje upande wa pili, huyo hajaufikisha, ameupitisha. Sekunde ambazo njano atapoteza akiusubiri urudi ndizo hasa kanuni ilitaka kuziokoa.

Mpira wa mikono umepambana na swali hili kwa miongo mingi, na safari yake inafundisha. Kanuni yake inakataza timu kukaa na mpira bila jaribio linaloonekana la kushambulia au kufunga. Maneno "jaribio linaloonekana" ni ndugu wa "juhudi za kweli". Waamuzi wanainua mkono kuonya, na zamani yaliyofuata baada ya onyo yaliachwa kwa busara yao. Mwaka 2016 likawekwa kikomo cha pasi 6 baada ya onyo; mwaka 2022 zikapunguzwa kuwa 4. Angalia kilichobadilika na kilichobaki. Mwisho wa muda ukapewa namba. Mwanzo wake, yaani lini mkono uinuliwe, bado ni uamuzi wa mtu, lakini kitabu cha kanuni kinamtajia dalili za kutazama. Walitambua kwamba juhudi haipimwi kwa saa, ila dalili zake zinaweza kuorodheshwa.

Dojiboli inaweza kufanya hivyo hivyo. Dalili nne zinatosha: mpira ulielekea wapi, ulikuwa na nguvu ya kufika huko, mrushaji alijisogeza kwenye nafasi ya kurusha, na mwenzake hakuuokota tena kabla haujavuka. Mbili zikikosekana, mwamuzi aseme wazi kwamba juhudi haikuwapo.

Nani anaishika saa?

Maneno yote haya yanategemea mtu mmoja anayehesabu. Mashindano mengi ya ridhaa yanachezwa kwa uaminifu wa wachezaji wenyewe. NADA inaweka msimamizi wa uwanja anayeamua pale timu zinaposhindwa kukubaliana, na kauli yake ni ya mwisho. Hakuna ubao wa taa wala king'ora. Saa ni sauti yake na vidole vyake.

Binadamu akiwa saa, lazima tukubali kwamba sekunde zake hazilingani. Hata penye mitambo mkono wa mtu una nafasi. Katika Olimpiki ya London, Julai 2012, Shin A-lam wa Korea Kusini alikuwa amebakiza sekunde 1 kufika fainali ya upanga wa epee. Mashambulizi kadhaa yalifanyika na saa bado ikaonyesha 1, hadi Britta Heidemann wa Ujerumani akamgusa na kushinda. Rufaa ilikataliwa, na Shin alibaki ameketi jukwaani kwa zaidi ya saa nzima. Yeye hakuwa na uwezo wowote juu ya saa ile.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nishike msimamo niliouanza nao. Mchezaji hatawali hesabu ya mwamuzi. Hajui kama imeanza, hajui kama "tatu" ya leo ni ndefu kuliko ya jana. Kwa hiyo shaka lolote kuhusu saa, liwe kuhusu mwanzo wake au mwisho wake, limnufaishe anayehesabiwa. Kanuni za FIBA zina roho hiyo: saa ya sekunde 24 ikilia kwa makosa, mlio unapuuzwa na mchezo unaendelea, isipokuwa kama timu inayomiliki mpira imeumizwa na kosa hilo.

Juhudi ni kitu kingine. Nguvu ya mkono, upande wa kurusha, hatua ya kusogea mbele, vyote viko chini ya mamlaka ya mrushaji. Anaweza kuondoa shaka wakati wowote kwa kurusha kama mchezaji anayetaka kurusha. Akichagua kurusha kwa namna inayoleta shaka, gharama ya shaka hilo iwe yake. Sheria ni msumeno, na hapa inapaswa kukata mbele na nyuma: inamlinda mwenye mipira asionewe na saa, na inamlinda mpinzani asionewe na hila.

Adhabu inayotumika

Kanuni ikieleweka vizuri lakini adhabu yake ikamwogopesha mwamuzi kuitoa, imekufa. Soka limeishi na kanuni ya namna hiyo kwa robo karne. Kuanzia mwaka 2000 kipa hakuruhusiwa kuushika mpira zaidi ya sekunde 6, na adhabu ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya eneo lake la hatari. Kila mtazamaji amewaona makipa wakikaa nao sekunde 10 au 15, na filimbi kimya. Mwamuzi hakutaka kuamua matokeo ya mechi kwa sababu ya sekunde mbili. Mwaka 2025 IFAB, bodi inayotunga kanuni za soka, ilibadilisha mambo matatu kwa pamoja: muda ukaongezwa kuwa sekunde 8, adhabu ikawa kona, na mwamuzi akatakiwa kuhesabu sekunde 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa ili kila mtu aone. Saa inaanza pale mwamuzi anapoona kipa ameudhibiti mpira na hasumbuliwi.

Ngazi ya adhabu ya NADA ilishalifikiria hilo. Kosa la kwanza linasimamisha mchezo na mipira inagawanywa tatu kwa tatu. La pili linampa mpinzani mrusho huru. La tatu linamtoa mchezaji mmoja. Ngazi ya kwanza ni nyepesi, na inarekebisha madhara yenyewe: anayefuatia amerudishiwa silaha. Mwamuzi hana sababu ya kuona haya kuitoa. Ninachokiomba kiongezwe ni mkono ulioinuliwa na hesabu ya sauti, kama walivyofanya wenzao wa soka. Hesabu isiyosikika si hesabu.

Somo kutoka kwenye rede

Wasichana wa Tanzania wanaijua rede, na wenzao wa Kenya wanaijua kati, michezo ya ukoo mmoja na dojiboli. Wawili wanasimama pande mbili na mpira wa soksi au matambara, aliye katikati anakwepa. Katika rede, mara nyingi aliye katikati ana chupa anayotakiwa kuijaza mchanga. Kila mrusho unaokosea ukaenda mbali, anachota mchanga. Warushaji wakijivuta, anachota pia. Chupa ikijaa, wamekwisha.

Mchezo huo hauhitaji mwamuzi wa kuhesabu sekunde, kwa sababu kuchelewa kunamgharimu anayechelewa papo hapo, kwa kipimo ambacho wote wanakiona. Watunga kanuni wa dojiboli wakitaka kupunguza ugomvi, hapa pana mwelekeo bora kuliko kuongeza maneno. Mashindano yanayotumia mipira mitano yameanza kwenda huko bila kujua. Mtu anaweza kwenda mbali zaidi: ikiwa muda utaisha, ushindi wa wingi wa wachezaji usitolewe kwa timu iliyokuwa na mipira yote sita. Timu inayoongoza itakuwa na sababu yake yenyewe ya kuurusha mmoja.

Kinachowezekana kesho asubuhi

Kubadilisha kanuni kunachukua misimu. Kukubaliana namna ya kuisoma kunachukua dakika kumi za kikao cha manahodha kabla ya mashindano. Mwandaaji aandike kwenye ukurasa mmoja: anayeongoza ni mwenye watu wengi uwanjani, sare haihesabiwi, mpira ulio nje au hewani hauna mwenyewe, hesabu ni ya sauti na mkono juu, inakatizwa mpira unapoondoka mkononi, juhudi inapimwa kwa dalili nne, shaka la saa ni la mwenye mipira, shaka la juhudi ni la mpinzani. Ukurasa huo ubandikwe ukutani.

Msomaji anaweza kupinga kipengele chochote kati ya hivyo, na ligi nyingine inaweza kuchagua kinyume chake bila kuharibu mchezo. Kitakachouharibu ni uwanja namba moja kusoma hivi na uwanja namba mbili kusoma vile, siku moja, chini ya kombe moja. Mchezaji anaweza kuizoea kanuni kali, na anaweza kuizoea kanuni laini. Hawezi kuizoea kanuni anayoifahamu kwa mara ya kwanza filimbi inapopigwa dhidi yake.